Nataka kuweka matiti Istanbul nikifuata mzigo, mume wangu hajui

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Tabata na nina duka la vitenge na nguo za kike Kariakoo. Nasoma safu yako siku nyingi, ila sikujua kama ipo siku na mimi nitakuandikia, maana jambo langu lina aibu kidogo.

Shangazi, matiti yangu yamekwisha. Kabla sijazaa hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa yamejaa. Mtoto wa kwanza nilimnyonyesha mwaka na nusu, wa pili miaka miwili kamili, na alipoacha yakabaki ngozi tupu, yamelala. Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi kupima gauni la harusi ya mdogo wangu. Fundi akanizungushia futi kifuani, akanyamaza, akafungua droo, akatoa sponji mbili na kuniwekea ndani ya gauni mbele ya wateja wengine. Hakuniuliza. Akasema, "Dada, bila hizi gauni halitakaa." Nilicheka pamoja nao. Nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni nikalia mpaka mtoto akaja kugonga mlango.

Mume wangu hajawahi kunitamkia neno baya. Ni mimi tu, siku hizi sivui nguo mpaka taa izimwe.

Sasa kuna dada mmoja tunayefuata naye mzigo Istanbul, yeye ameweka na yamemkaa vizuri sana. Amenipa namba ya dalali anayewaunganisha watu na hospitali za huko. Huyo dalali amenitumia kwa WhatsApp picha za watu kabla na baada, na bei ya jumla: upasuaji, hoteli, gari la kunipokea uwanja wa ndege. Nafika leo, kesho nafanyiwa, siku ya tano napanda ndege kurudi. Anataka nitume kianzio kabla ya mwisho wa mwezi, anasema baada ya hapo bei inapanda. Hela ninayo, zamu yangu ya mchezo imefika. Mpango wangu ni kumwambia mume wangu naenda kufuata mzigo kama kawaida, na mzigo kweli nitauchukua.

Naomba uniambie nitegemee nini. Maumivu ni ya kiasi gani, na dukani nitarudi lini? Nasikia yanapasuka ndani ya ndege. Nasikia yanaleta kansa, na mama yangu mdogo alifariki kwa kansa ya matiti, alitibiwa Ocean Road. Mume wangu anataka mtoto wa tatu, je, nitaweza kumnyonyesha? Halafu nilipotoboa tundu la pili sikioni, kovu lilivimba likawa kama harage na lipo mpaka leo. Na huku inaweza kutokea hivyo?

Nakuomba usinihukumu.

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nikuhukumu kwa lipi? Nimekuwa nesi wa thieta miaka mingi kabla sijastaafu. Nimewavalisha gauni la kijani wanawake waliowekewa matiti baada ya kukatwa kwa kansa, na nimewavalisha wengine waliofika kwa sababu kama yako, kunyonyesha kumewamaliza na wanataka kujiona tena walivyokuwa. Wengi wao walitoka wameridhika, na wale niliokutana nao miaka baadaye hawakuwa wanajuta. Kwa hiyo sikuambii usifanye. Kilichoninyima usingizi ni jinsi ulivyopanga kufanya.

Na fundi wako alikukosea. Angeweza kukuita pembeni akakuuliza. Haya, tuendelee.

Nianze na jambo ambalo nina hakika dalali hajakugusia. Unasema matiti yako "yamelala". Mfuko wa silikoni unajaza titi lililopungua, lakini hauliinui lililoshuka. Fanya hivi leo usiku: simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono iteremke pembeni, na taa uiwashe. Tazama mkunjo ulio chini ya titi, pale jasho linapokusanyika wakati wa joto. Kama chuchu iko juu ya usawa wa mkunjo huo, huenda mfuko peke yake ukatosha. Kama chuchu imeshuka mpaka usawa wa mkunjo au imepita chini yake, ukiwekewa mfuko tu utapata titi kubwa lililoshuka, na uzito ulioongezwa utaendelea kulivuta. Hapo kinachohitajika ni upasuaji wa kuinua, pamoja na mfuko au hata bila mfuko: ngozi iliyozidi inakatwa, chuchu inapandishwa, kilichobaki kinashonwa upya. Ni kazi ndefu zaidi na makovu yake ni mengi. Moja linazunguka duara jeusi la chuchu, jingine linashuka wima mpaka kwenye mkunjo, na mara nyingi kuna la tatu linalofuata mkunjo wenyewe.

Dalali amekuuliza ulinyonyesha muda gani? Kuna daktari yeyote aliyeiona chuchu yako imekaa wapi? Hakuna, lakini bei tayari unayo. Jiulize hiyo bei ni ya upasuaji upi.

Hapa ndipo lile harage la sikioni linapoingia, na umefanya vizuri sana kulitaja. Hiyo ni keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata kuliko wengine, na aliyewahi kuipata ana hatari kubwa zaidi ya kuipata tena mahali pengine, hasa masikioni, mabegani na kifuani katikati. Mkato wa kuingiza mfuko peke yake ni wa sentimita nne au tano, na mara nyingi unafichwa ndani ya ule mkunjo. Mkato wa kuinua ni mrefu mara kadhaa ya huo. Sisemi kwamba lazima litavimba, nimeona wenye keloidi masikioni wakapona kifuani kwa mstari mwembamba kabisa. Ila daktari lazima alione sikio lako kwa macho yake kabla hajachagua akukate wapi, na baada ya kidonda kufunga akufuatilie kwa miezi: karatasi za silikoni za kubandika juu ya kovu, na sindano ya steroidi mapema likianza kunyanyuka. Daktari aliyeko Istanbul na wewe uko Tabata atakufuatiliaje?

Kuhusu mtoto wa tatu. Wanawake wengi wenye mifuko ya silikoni wananyonyesha. Wapo ambao maziwa yanakuwa machache, na hatari hiyo inaongezeka mkato ukipita kwenye ukingo wa duara la chuchu, kwa sababu hapo kisu kinaweza kukata mirija ya maziwa na neva. Ukiinuliwa pia, chuchu inahamishwa, na uwezekano wa maziwa kupungua upo. Lakini hata kama maziwa yatatoka vizuri, mimba yenyewe itayavimbisha matiti, na ukiachisha yatashuka upya, mfuko ukiwa ndani. Utakuwa umelipa kazi ambayo mtoto anakuja kuifumua. Kama wewe na mume wako mmekubaliana kweli kuhusu huyo mtoto, na kama si miaka kumi ijayo, mzae kwanza, mnyonyeshe, umwachishe. Madaktari wengi hupenda ipite kama miezi sita tangu kuachisha ndipo wapime, maana titi linakuwa limetulia. Ungekuwa binti yangu wa kumzaa ningekuomba usubiri kwa sababu hii moja tu.

Sasa siku yenyewe ilivyo. Usiku wa kuamkia hutakula, na asubuhi hutakunywa chochote ila kwa ruhusa. Daktari atakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala kila kitu kinahama. Unapewa nusu kaputi. Mfuko peke yake unachukua kama saa moja hadi mbili, na kuinua kunaongeza muda. Mkato unaweza kuwa kwenye mkunjo, kwenye ukingo wa duara la chuchu au kwapani. Kisha daktari anatengeneza nafasi, ama nyuma ya nyama ya titi, ama nyuma ya msuli wa kifua. Kwa mtu mwembamba aliyekwisha nyama, wengi huchagua kuuweka nyuma ya msuli ili kingo za mfuko zisionekane chini ya ngozi, na huko maumivu ni makali zaidi siku za mwanzo.

Utaamka kifua kimekaza kama umevalishwa sidiria ya mtoto. Kwa siku tatu au nne za kwanza dawa za maumivu utazinywa kwa saa, huwezi kuzipuuza. Hutainua mikono kujisuka wala kuchana nywele. Hutajisukuma kwa viganja kutoka kitandani, mtu atakuinua kwa mgongo. Utalala chali, umeinuliwa kwa mito, kwa wiki kadhaa. Utavaa sidiria maalumu ya kubana usiku na mchana, wiki nne hadi sita. Na utakapojitazama mara ya kwanza unaweza kuogopa: yako juu karibu na shingo, magumu, ngozi inang'aa, moja limepanda kuliko jingine. Hiyo ni kawaida. Yanashuka na kulainika polepole, na umbo la kweli hulioni kabla ya miezi mitatu hivi, wengine hata sita. Chuchu zinaweza kufa ganzi au zikawa nyepesi hata kwa kuguswa na kanga. Kwa wengi hisia inarudi baada ya miezi, kwa wachache hairudi, na hilo inabidi ulikubali kabla hujasaini.

Kazi ya kukaa kwenye kiti, ya kuandika tu, mtu anaweza kurudi baada ya wiki moja au mbili. Kazi yako siyo hiyo. Wewe unashusha robota la vitenge, unanyoosha mkono kutoa doti kwenye rafu ya juu, ukifika nyumbani mwanao anakurukia. Vitu vizito viache karibu wiki sita. Mtoto atapanda mwenyewe kwenye kochi ndipo umkumbatie.

Ukishaelewa hayo, rudi kwenye mpango wako. Siku ya pili unapasuliwa, siku ya tano uko uwanja wa ndege, mwanamke peke yake, unaburuta mabegi ya mzigo ambao umemwambia mumeo umeufuata. Utayainuaje kuyaweka kwenye mizani? Nikifikiria hapo nashindwa kuendelea kunywa chai yangu.

Mwili ukitoka kwenye upasuaji damu inaganda kwa urahisi, na kukaa saa nyingi kwenye kiti cha ndege miguu imekunjwa kunaongeza hatari ya donge kujitengeneza mguuni na kukimbilia kwenye mapafu. Hilo linaua. Baada ya upasuaji wa matiti ushauri wa kawaida ni kukaa karibu wiki nzima kabla ya kuruka, tena daktari awe amekukagua na kukuruhusu. Kama unameza vidonge vya majira, au unavuta sigara, au umewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, mwambie daktari mapema, kwa sababu vyote hivyo vinazidisha hatari.

Halafu yapo matatizo ambayo hayasubiri na mengine yanayochelewa. Damu kuvujia ndani hutokea zaidi siku ya kwanza: titi moja linavimba ghafla kuliko mwenzake, linakaza, linauma sana, na mtu anarudishwa thieta siku hiyohiyo. Usaha wenyewe unaweza kuja wiki ya pili, ya tatu, hata baadaye. Wakati huo wewe umesharudi Kariakoo na dalali anashughulika na mteja mwingine.

Nakumbuka mama mmoja aliyetufikia usiku, wiki tatu baada ya kufanyiwa nchi za watu. Sitaitaja nchi wala hospitali. Titi la kushoto lilikuwa jekundu, la moto, uzi umeachia na ukingo wa mfuko unaonekana kwenye kidonda, mweupe kama ngozi ya ndani ya yai. Daktari akamuuliza amewekewa mfuko wa kampuni gani, ujazo gani, nyuma ya msuli au mbele. Hakujua. Hakuwa na karatasi hata moja, alikuwa na namba ya simu isiyopokelewa. Tuliutoa mfuko usiku ule. Mwingine haurudishwi hapohapo, kidonda kinaachwa kipone kwanza kwa miezi, kwa hiyo alikaa muda wote huo na titi moja. Alikuwa ananishika mkono anasema, "Nesi, nyumbani nimesema nina jipu."

Sisemi Uturuki hakuna madaktari. Wapo, wazuri sana, na watu wanatoka Ulaya nzima kuwafuata. Mtu anayekwenda huko kwa utaratibu, akaongea na daktari mwenyewe kabla, akakaa wiki mbili, akawa na mtu wake pembeni na akarudi akiwa na daktari wa hapa aliyekubali kumpokea, huyo siwezi kumlaumu. Wewe umepanga siku tano na siri.

Kuhusu mumeo. Mwili ni wako, na sikwambii ukaombe ruhusa. Nasema ajue. Utalalaje naye kitanda kimoja wiki sita, umevaa sidiria ya kubana, una nyuzi chini ya matiti, huwezi kumwinua mwanao, na umwambie ni uchovu wa safari? Na unapolala kwenye nusu kaputi katika nchi ambayo hakuna ndugu yako hata mmoja anayejua uko wapi, likitokea la kutokea wanampigia nani? Mtu ambaye miaka yote hajakutamkia neno baya anaweza kukushangaza kwa wema ukimwambia unavyojisikia. Pengine hajui kabisa kwamba taa unaizima kwa sababu hiyo. Kama kwake ni kugumu kuanza, mwambie dada yako kwanza, lakini usiondoke bila mtu wa damu yako kujua.

Ulichosikia cha kupasuka ndani ya ndege siyo kweli. Hewa ndani ya ndege inadhibitiwa, na marubani na wahudumu wenye silikoni wanaruka kila siku. Mifuko inapasuka kwa kuchakaa, ukiwa umekaa nyumbani, na ile iliyojazwa geli ya silikoni mara nyingi inapasuka kimyakimya, titi halibadiliki na hujui. Ndiyo maana mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, inashauri wenye mifuko ya geli wapimwe kwa ultrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu. Ile iliyojazwa maji ya chumvi ikipasuka unajua mara moja, titi linanywea.

Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu wengi wanadhani ukishaweka umemaliza. Mfuko wa silikoni si wa maisha. FDA hiyohiyo imeeleza kwamba hadi mwanamke mmoja kati ya watano waliowekewa kwa ajili ya urembo hutolewa ndani ya miaka minane hadi kumi. Sababu mojawapo kubwa ni kovu la ndani. Mwili ukikutana na kitu cha kigeni unakizungushia utando, na hilo ni sawa, ila kwa baadhi ya watu utando unakaza na kunenepa mpaka titi linakuwa gumu, linabadilika umbo na kuuma. Wewe una miaka 33. Ukiweka sasa, jiandae kwamba kabla hujawa bibi utarudi thieta angalau mara moja, na gharama ya kutoa au kubadilisha ni yako, bima hailipii urembo. Kama zamu hii ya mchezo ndiyo hela yote uliyonayo, basi hela ya upasuaji huu bado haijatosha.

Kansa. Kwa mama mdogo, pole sana. Kansa ya kawaida ya matiti, ile iliyomchukua, haijaonekana kuongezwa na silikoni. Ipo nyingine, adimu, ya mfumo wa limfu, ambayo inaota kwenye ule utando unaozunguka mfuko, na imehusishwa hasa na mifuko yenye uso wa kukwaruza. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima mifuko yake ya aina hiyo iliyoitwa BIOCELL baada ya FDA kuitaka ifanye hivyo. Dalili yake huja miaka mingi baadaye, titi moja linajaa maji na kuvimba bila sababu, na ikikamatwa mapema wengi wanapona kwa kutolewa mfuko pamoja na utando wake. Kwa hiyo ukiulizwa, sema unataka wenye uso laini. Wapo pia wanawake wanaoeleza uchovu usioisha, maumivu ya viungo na kusahausahau baada ya kuweka, na baadhi wamepata nafuu walipotoa. Tangu 2021 FDA inataka wagonjwa waonywe kuhusu haya yote kwa maandishi na wasaini kabla ya kukatwa. Dalali amekutumia karatasi ya namna hiyo, au picha tu?

Kwa damu ya familia yenu, pimwa matiti kabla ya jambo lolote. Silikoni inafunika sehemu ya nyama kwenye mamografia, ile picha ya eksirei ya matiti. Mtaalamu akijua anasogeza mfuko nyuma na kupiga picha za ziada, asipojua anaweza kukosa uvimbe mdogo. Kwa umri wako huenda wakaanza na ultrasaundi. Picha ya leo, kabla ya mfuko, itakuwa ya kulinganishia maisha yako yote.

Na kadi. Kila mfuko halali una kampuni, namba ya toleo na ujazo, na mgonjwa anapewa kadi yenye hayo. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kwamba kampuni yake ya PIP ilikuwa inajaza mifuko kwa silikoni ya viwandani ambayo haikuidhinishwa kwa mwili wa binadamu. Mifuko hiyo ilikuwa imeuzwa nchi nyingi, kwa wanawake wapatao 300,000 au zaidi. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013. Ukiwa na kadi na habari kama ile itangazwe redioni, unaifungua na kujua kama yanakuhusu. Yule mama wa usiku ule angejuaje?

Kama kuna mtu Kariakoo anakuuzia krimu au vidonge vya kujaza matiti, hela yako inapotea. Kama kuna anayetaka kukuchoma sindano ya silikoni au ya mafuta moja kwa moja kwenye titi, kimbia. Hiyo inasambaa kwenye nyama, inaozesha, na kuitoa yote haiwezekani.

Unachofanya ni hiki. Kianzio usitume. Bei inayopanda mwisho wa mwezi ni mbinu ya kuuza nguo, wewe mwenyewe muuza nguo unaijua. Tafuta daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, ndivyo wanavyoitwa kwetu. Siku hizi hata hospitali ya Mloganzila upasuaji wa aina hiyo unafanyika, huna haja ya kuanzia mbali. Jina lake liulizie kwa Baraza la Madaktari Tanganyika kama amesajiliwa na kwa ubingwa upi. Nenda na sikio lako, habari za mama mdogo na mpango wa mtoto wa tatu. Muulize: ni kuinua au kujaza? Umefanya wangapi wenye keloidi? Likiharibika saa nane usiku napiga simu gani? Akikasirika kwa maswali, umeshapata jibu, tafuta mwingine. Na ukitoka humo na bado unataka Istanbul, uende ukijua unachokwenda kununua.

Jambo la mwisho unaweza kulianza hata kesho bila kulipa mtu. Wanaokwenda kuchagua ujazo huwa tunawafundisha hili: chukua mchele, jaza kikombe cha chai cha kawaida mpaka juu, mimina kwenye soksi nyepesi, funga. Tengeneza mbili zinazolingana. Huo unakaribia mililita 250, saizi ambayo wengi wa umbo la wastani huanzia. Ziweke ndani ya sidiria iliyokutosha sawasawa na uende nazo dukani siku mbili nzima. Panda daladala nazo, pika nazo, inama ufagie, shusha doti kwenye rafu. Jioni uone mabega na mgongo vinasemaje. Kisha zitoe, uvae sidiria hiyohiyo bila kitu, na ujitazame tena. Uniandikie umeonaje, na ule mkunjo na chuchu vimekaaje, tuendelee kuanzia hapo.

Shangazi